Nyaya Tatu na Sauti ya Mama

Jumatatu, Machi 3

Mvua imeanza saa nane mchana, na daftari hili nimelianza saa tisa. Nililinunua kwa ajili ya kuandika vipimo vya volti. Kwa jinsi mambo yalivyo humu ndani, naona litajaa malalamiko kabla halijaona volti hata moja.

Niandike kisa chenyewe. Mama alifanyiwa upasuaji wa koo mwezi wa kwanza. Uvimbe umetoka, tunashukuru, lakini sauti imeondoka nao. Kilichobaki ni mnong'ono ambao ukikaa hatua mbili huusikii. Huyu ni mwanamke aliyekuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni miaka ishirini na sita, aliyewaita wanafunzi mia nne kwenye chakula kwa kutoa kichwa dirishani tu. Sasa anafungua mdomo mezani na watu wanaendelea na mazungumzo yao kama vile hayupo. Kuandika hawezi, mkono unatetemeka na macho yana ukungu.

Leo dada amepiga simu. Anakaa mwendo wa siku nzima kutoka hapa, na ameshapanga kila kitu: kikao cha familia Jumamosi ya Mei 17, mvua zikishakatika na barabara ikipitika. Ajenda ni moja, Mama ahamie kwake. Nikamuuliza kama amemshirikisha Mama mwenyewe.

"Mdogo wangu," akasema, "nitaongeaje kwa simu na mtu asiye na sauti?"

Dada yangu huyo. Hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe.

Mama haendi popote. Amekaa nyumba hii miaka thelathini. Na siku ya kikao atasema mwenyewe, kwa sauti itakayofika mpaka kwa jirani. Hiyo kazi nimejipa mimi.

Jumanne, Machi 4

Kile kipaza sauti cha mkononi alichotuma dada mwezi uliopita, cha kuuzia nyanya, hakifai. Mnong'ono wa Mama ukiingia, kinatoa pumzi na mluzi. Kwa hiyo natumia amplifaya, mashine ya kukuza sauti niliyoijenga mwenyewe mwaka jana, ambayo iko tayari isipokuwa haina cha kuilisha umeme. Na haitaki umeme wa nyaya mbili kama vitu vyenye adabu. Inataka nyaya tatu: chanya upande mmoja, hasi upande wa pili, na sifuri katikati. Sauti ikipanda inavutwa na chanya, ikishuka inavutwa na hasi, ikinyamaza inakaa kwenye sifuri. Kosea kidogo na unapata mvumo, na mnong'ono hauwezi kushindana na mvumo.

Nilimweleza mke wangu haya yote mezani, taratibu, kwa kuchora. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Na chakula tutakulia wapi?"

Jumamosi, Machi 8

Nimepata transfoma nzuri, nzito, yenye nyaya tatu upande wa kutolea. Nilikuwa na furaha kwa nusu saa. Kisha shemeji akaja.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, fundi umeme wa magari, na hakuna jambo duniani asilokuwa na maoni nalo. Akavuta kiti bila kukaribishwa, akatazama mchoro wangu, akacheka.

"Shemeji, hii hasi mbona inaning'inia? Hasi ni bodi."

"Kwenye gari. Hapa bodi ni sifuri."

"Gari lolote ulimwenguni, hasi ni bodi. Miaka ishirini nafunga hasi kwenye bodi. Hakuna lililoniungulia."

Nikamwambia hili si gari. Akasema umeme ni umeme. Tukaendelea hivyo mpaka chai ikapoa, na aliyekuwa ananywa chai yangu ni yeye.

Jumapili, Machi 9

Mvua. Umeme hakuna.

Jumatano, Machi 12

Mvua. Umeme ulikuja saa kumi, ukaondoka saa kumi na robo. Mama aliniita mara mbili kwa kugonga ukuta. Mara zote mbili nilikuwa nimeshika chuma cha lehemu cha moto. Mara ya pili nilimwendea, akanishika mkono, akaanza, "Mwanangu, dada yako..." Nikamwambia, "Najua, Mama. Usiwe na wasiwasi, huendi popote." Akanitazama sana, akaniachia mkono.

Jumatano, Machi 19

Kabla ya kwenda kazini nimepima. Chanya, ishirini na nne. Hasi, ishirini na nne. Sifuri ipo katikati pale pale inapotakiwa, imefungwa kwenye bodi, yaani bati la sanduku lenyewe. Nimepima mara tatu kwa raha tu. Nimeviacha mezani na karatasi yenye herufi kubwa: USIGUSE.

Naandika haya shuleni, ambako kazi yangu ni kutunza maabara; nimepiga mluzi mpaka mwalimu wa kemia ameniuliza kama nimeongezwa mshahara.

Alhamisi, Machi 20

Jana jioni sikuweza kuandika kwa hasira. 

Nilirudi saa kumi. Tangu getini nikasikia harufu, ile harufu ya vanishi ya nyaya inayoungua, ambayo mtu wa kazi yangu huitambua hata usingizini. Mlango wazi, madirisha wazi, mvua inaingia ndani, mke wangu anapepea kwa kanga, na shemeji amesimama katikati ya chumba, bisibisi mkononi, uso wa mtoto aliyevunja sahani.

"Shemeji," akasema, "nilitaka kukumalizia."

Nikaenda mezani. Waya wa hasi, ambao niliuacha mbali na sanduku kwa makusudi, ulikuwa umefungwa kwenye bodi. Umefungwa vizuri, nikubali, kwa kishikio cha shaba na washa mbili, zile pete za bolti. Hasi ameipeleka moja kwa moja kwenye sifuri. Fyuzi ilifanya kazi yake, ikakatika. Hapo ndipo mtu mwingine yeyote angejiuliza.

"Fyuzi ilikatika," nikasema.

"Ilikatika. Nikaona ni dhaifu."

"Ukaweka nini?"

Akatazama viatu vyake.

"Shemeji, uliweka nini?"

"Uzi wa waya wa shaba. Mmoja tu. Mwembamba."

Transfoma imekuwa nyeusi. Dayodi zinazonyoosha umeme zimekufa. Na karatasi yangu ya USIGUSE ameikunja vizuri akaiweka kando, ili isiungue. Nilimuuliza kama hajui kusoma. Akasema alidhani nimewaandikia watoto. Hatuna watoto. Mke wangu akaingilia kati, akasema kaka yake alikuwa na nia njema. Nimeishi na nia njema ya ukoo huu miaka tisa na sasa imenifika hapa. Nilipiga kelele. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Shemeji alichukua koti lake akatoka kwenye mvua bila kulivaa.

Katikati ya yote hayo Mama alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake, mdomo unacheza. Sijui alikuwa anasema nini, na kwa kelele zangu nisingeweza kujua.

Jumamosi, Machi 22

Transfoma inaweza kufungwa waya upya. Mtu pekee anayeiweza kazi hiyo ni mzee mmoja wanayemwita Koili, mwenye kibanda nyuma ya duka la vioo. Anazungusha waya kwa mkono, huku akihesabu kwa sauti. Mlangoni ametundika ubao: USINISALIMIE, NAHESABU.

Ninataka mizunguko tisini kila upande, upande wa chanya sawasawa na wa hasi. Akasema niende nirudi baada ya wiki mbili.

"Mzee, si ni siku moja tu ya kazi?"

"Kazi ni saa mbili," akasema. "Wiki mbili ni za watu."

Ijumaa, Machi 28

Mvua. Mke wangu haongei na mimi isipokuwa kuhusu chumvi.

Jumamosi, Aprili 5

Nimeichukua transfoma. Nimekimbia nayo nyumbani chini ya mwavuli kama nimebeba mtoto mchanga. Nimefunga dayodi mpya, nimepima. Chanya, ishirini na nne. Hasi, ishirini.

Ishirini! Nimegonga mita ya volti, nimebadilisha betri yake, nimepima tena. Ishirini. Nimerudi kwenye mvua.

Mzee Koili hakubisha hata kidogo. Alihesabu kwa vidole, akikumbuka.

"Sabini na tano," akasema. "Nilikuwa sabini na tano. Akaingia binti mmoja, hajui kusoma ubao, akapiga goti pale mlangoni, akaniambia shikamoo."

"Na ukaitika?"

"Wewe ungefanyaje? Mtoto wa watu amekupigia goti umtazame tu? Nikamwambia marahaba. Akaniuliza habari za nyumbani. Nikamweleza. Niliporudi kwenye waya nikaona kama nilikuwa tisini."

"Kwa nini usiandike pembeni, mzee, kila ukifika kumi?"

Akanitazama kama nimemtukana. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, lakini mtu aliyeharibu kazi kwa sababu ya adabu unamgombezaje? Tumekubaliana afungue upande mmoja aufunge upya Jumamosi ijayo, na mimi nisimame mlangoni.

Jumamosi, Aprili 12

Nimekuwa askari wa kuzuia salamu. Kwa saa mbili na nusu nimesimama chini ya bati linalovuja, nikiwanyamazisha watu wazima kwa kidole. Mzee wa makamo aliyenizidi umri aliniuliza mimi ni nani hata nimkataze kusalimiana na rafiki yake. Mama mmoja alisema kizazi chetu kimekwisha. Ndani nasikia, "Arobaini na mbili, arobaini na tatu..." Alipofika tisini akatoka, akanyoosha mgongo, akawasalimia wote mmoja mmoja, na habari za nyumbani, na za kazi, na za miguu.

Ishirini na nne kwa ishirini na nne. Nimepima pale pale kibandani, mbele ya mashahidi.

Jumatatu, Aprili 14

Umeme hakuna. Leo mke wangu ameongea. Amesema, "Ungekaa na Mama kidogo. Tangu mvua zianze unapita tu mlangoni kwake." Nikamwambia kila kitu ninachofanya mezani pale nakifanya kwa ajili ya Mama. Akasema, "Ndiyo, mezani."

Sipendi anavyomaliza sentensi.

Jumatatu, Aprili 21

Mvua ya mawe. Shule imefungwa, maabara imeingia maji mpaka kwenye kabati la asidi. Sikugusa kitu nyumbani.

Jumapili, Aprili 27

Nimeweka kila kitu kwenye sanduku jipya la bati, nililolipaka rangi ya kijani mara mbili ili lipendeze siku ya kikao. Nimefunga amplifaya, maikrofoni, spika. Nimewasha.

Mvumo.

Mvumo mzito, mfululizo, kama jokofu bovu limekaa ndani ya spika. Nimenong'ona kwenye maikrofoni, sikujisikia. Wiki tatu zimebaki.

Alhamisi, Mei 1

Nimeongeza kapasita za kulainisha umeme. Mvumo.

Jumamosi, Mei 3

Nimehamisha transfoma mpaka pembe ya mwisho ya sanduku. Mvumo. Nimesokota nyaya kama nywele. Mvumo. Nimetoa kapasita nilizoongeza. Mvumo ule ule, haukuhisi hata kama nilikuwepo.

Jumanne, Mei 6

Dada amepiga simu. Barabara imeanza kupitika, ameshamwambia baba mdogo aje kuongoza kikao. Ameshanunua godoro jipya la Mama. Nikamuuliza godoro la nini wakati kikao hakijakaa. "La akiba," akasema. Nilikata simu kabla sijamvunjia heshima.

Mama alikuwa kwenye kochi, alisikia yote. Akaniashiria nije. Nikamwambia, "Usijali, Mama. Ngoja niue huu mvumo kwanza."

Jumamosi, Mei 10

Lazima niandike jambo hili vizuri, ingawa linaniuma.

Mke wangu alimwita kaka yake bila kuniambia. Alikuja, akasimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha, kisha akakaa mbali na meza, mikono ameiweka chini ya mapaja. Ndiyo sharti alilopewa na dada yake: asiguse. Nikawasha. Akasikiliza mvumo dakika nzima, kichwa amekiinamisha.

"Shemeji, naweza kuuliza?"

"Uliza."

"Hiyo sifuri yako, umesema ndiyo bodi. Umeifunga kwenye ile bolti ya kijani?"

"Ndiyo."

"Ulikwangua rangi kwanza?"

Nilichukua kisu. Nikafungua bolti, nikakwangua ile rangi yangu nzuri mpaka bati likang'aa, nikafunga tena. Nikawasha. Nilidhani spika imekufa. Nikanong'ona, na mnong'ono wangu ukatoka upande wa pili wa chumba, msafi, mpaka mke wangu akaacha kusafisha mchele.

"Magari kumi yakiletwa kwangu," shemeji akasema polepole, "saba ni bodi imeshika rangi au kutu."

Nimemuomba radhi kwa yale ya Machi. Akasema hayakumbuki, jambo ambalo si kweli, na nilimshukuru kwa uongo huo. Mtu huyu niliyemwona kero miaka tisa amekaa na mikono chini ya mapaja nyumbani kwa dada yake, akanisaidia. Ningekuwa mimi nisingekuja.

Tukamwita Mama. Akakaa, nikampa maikrofoni, akaishika kwa mikono miwili, akafungua mdomo. Umeme ukakatika.

Jumapili, Mei 11

Hakuna umeme. Nguzo imeanguka karibu na zahanati. Wanasema kesho.

Jumatatu, Mei 12

Wanasema kesho.

Jumatano, Mei 14

Wanasema kesho, na sasa wanasema kwa ukali.

Mama alinivuta shati nikiwa nakula. Akaniinamisha mpaka sikio langu likagusa mdomo wake. "Mwanangu, kuhusu kule kwenda..." Nikamwambia, "Mama, tunza koo. Utasema Jumamosi mbele ya wote." Akafumba macho.

Mke wangu alipotoa vyombo aliniuliza, "Unajua anachotaka kusema?"

"Najua."

"Alikwambia?"

"Ni mama yangu. Ninamjua."

Akabeba vyombo akaenda.

Ijumaa, Mei 16

Umeme umerudi saa kumi na moja jioni. Dada amefika na mabegi mawili matupu. Matupu! Nimeyaona yalivyokuwa mepesi. Nimepima: ishirini na nne, ishirini na nne. Mvumo hakuna. Mama amelala mapema, sikutaka kumwamsha kwa ajili ya majaribio.

Jumamosi, Mei 17

Jua. Siku ya kwanza tangu Machi ambayo sikusikia mvua juu ya bati.

Tulikaa sebuleni: baba mdogo kwenye kiti kikubwa, dada na mabegi yake, mke wangu, shemeji karibu na swichi kama nilivyomwomba. Dada alizungumza kwanza, robo saa, mambo ya daktari, hewa, ngazi, wajukuu. Kisha nikasimama mimi. Nilisema kwamba tangu Mama apoteze sauti kila mtu amekuwa akimwamulia, kwamba ni aibu, kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyemuuliza swali moja. Nilizungumza vizuri. Nikamwona baba mdogo anatikisa kichwa kwa kukubali. Nikampa Mama maikrofoni na nikamwashiria shemeji.

Taa nyekundu ikawaka. Pumzi yake ilisikika kwanza, halafu, "Mnanisikia?"

Haikuwa ile sauti ya dirisha la jikoni. Ilikuwa nyembamba, imekwaruzika, lakini kila neno lilikuwa zima. Dada aliziba mdomo. Baba mdogo alivua kofia, sijui kwa nini. Mimi machozi yalinitoka na sikuyafuta.

"Nataka kwenda," Mama akasema.

Nilifikiri hajamaliza. Nikasogea mbele. "Mama anachomaanisha ni kwamba..."

"Wewe nyamaza kidogo."

Shemeji alicheka, akajizuia.

"Nataka kwenda kwa binti yangu," akasema. "Nimetaka tangu nilipotoka hospitali. Hapa kila anayeingia mlangoni ananikumbuka nilivyokuwa. Jirani akinitazama anasikitika. Muuza mkaa anasikitika. Mwanangu huyu ananitazama, anasikitika, halafu anakwenda kushika lehemu. Kule wajukuu ni wadogo. Hawajui kama niliwahi kupiga kelele. Kwao hii ndiyo sauti ya bibi, hawaijui nyingine. Nimechoka kuwa msiba wa watu."

Alipumzika. Tulisikia anavyomeza mate.

"Mwanangu amenijengea kitu kizuri. Amenipenda msimu mzima, kwa kelele. Lakini hakuniuliza." Kisha akamgeukia dada, aliyekuwa ameanza kutabasamu. "Na wewe hukuniuliza. Ni bahati yako tu kwamba ulichoamua ndicho ninachokitaka."

Tabasamu la dada likaisha. Mke wangu alikuwa anatazama sakafu, na nikajua kwamba yeye alishaelewa siku nyingi, na kwamba alijaribu kuniambia.

Baba mdogo akanigeukia. "Umesikia, mwanangu?"

Nilitafuta cha kushikilia ili nibishe. Miezi miwili na nusu nimefanya kazi ili katika chumba hiki kusiwe na mvumo wala mkwaruzo, ili neno lake lolote lisipotee, na halikupotea hata moja. Mimi ndiye niliyekaa karibu na spika kuliko wote.

"Nimesikia, baba mdogo."

Nikavuta kiti changu mpaka magoti yetu yakagusana, nikamuuliza Mama anataka kuondoka lini. Halafu nikanyamaza. Akaiweka maikrofoni mezani, akaniinamisha shingo, akaninong'oneza sikioni.

"Kesho."